Pipa, Tofali au Dukani: Tanuri la Moshi Litoke Wapi?

Nenda Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, umwambie fundi wa vyuma kwamba unataka akutengenezee jiko la moshi. Hatasita. Atavuta nusu pipa lililopasuliwa kwa urefu, lenye miguu minne na wavu juu, akuambie: "Hili hapa bosi, bado rangi tu." Ukimweleza kwamba hutaki la kuchomea, unataka la kuifukiza nyama kutwa nzima, mfuniko umefungwa, nyama isione mwali, atanyamaza kidogo. Atalizunguka lile pipa, kisha atauliza: "Sasa ukilifunga hivyo, moto utavuta pumzi wapi?"

Wengi wetu tunaotaka tanuri la moshi nyuma ya nyumba tunaanza na swali jingine: ninunue au nijenge? Tunahesabu pesa, tunatazama picha, tunauliza jamaa walioko Ughaibuni. Fundi amefika kwenye kiini kabla yetu. Tanuri la moshi ni sanduku lenye matundu mawili, moja la kuingiza hewa na moja la kuitoa. Anayeyatawala matundu hayo ametawala joto. Asiyeyatawala atakula nyama chungu yenye masizi, hata kama tanuri lake limevuka bahari.

Na kabla ya kuchagua, kuna mambo mawili yanayovaa kanzu moja ambayo hayana budi kutenganishwa.

Moshi kwetu si mgeni. Mwambao na maziwani tuna neno lake, kubanika. Mgebuka wa Kigoma, sangara na kambale wa Ziwa Victoria hubanikwa juu ya chanja, moto mdogo chini, mpaka ngozi iwe rangi ya kahawia. Uganda wana mukalo, nyama iliyokatwa vipande na kukaushwa juu ya moto. Wakalenjin hawafukizi nyama tu, hata kibuyu cha mursik hukisugua kwa mkaa wa mti wa senetwet ili maziwa yapate rangi na harufu yake. Katika mila hizi moshi una kazi ya kuhifadhi. Unatoa maji. Samaki anayetoka mwalo wa Mwanza kwenda kuuzwa Kongo hana jokofu njiani. Ukavu wake ndio jokofu lake. Tanuri la kazi hiyo linataka hewa nyingi ipite, ibebe unyevu, itoke.

Moshi wa pili ni wa kulainisha, na huo ndio umetufikia hivi karibuni kutoka Amerika ya Kaskazini. Huko huchukua kidari cha ng'ombe, bega la nguruwe au mbavu, nyama zenye kano ambazo sisi tungezitia sufuriani, na kuziacha katika joto la nyuzi 107 hadi 121 za Selsiasi kwa saa 10, 12, hata 14. Kano zina kitu kiitwacho kolajeni, ambacho kuanzia nyuzi 70 hivi huyeyuka polepole na kuwa jelatini, ule utelezi mtamu wa supu ya kongoro. Hakiharakishwi. Ukiongeza moto, nje hukauka kabla ndani haijalegea. Wachomaji wa Texas hutoa kidari ndani yake kukiwa na nyuzi 93 hadi 96.

Katikati ya safari kuna kituko ambacho kimewakosesha wengi usingizi. Nyama ikikaribia nyuzi 70, kipimajoto hugoma. Saa ya kwanza hakipandi, ya pili hakipandi, ya tatu mwenye nyama anaanza kumwaga kuni. Kinachotokea ni kile kile kinachopoza maji ya mtungini: nyama inatoa jasho, jasho linageuka mvuke, na mvuke unaondoka na joto sawasawa na lile unaloliingiza. Jasho likiisha, joto hupanda tena. Anayejua hivyo hukaa kwenye kiti chake. Tanuri la kazi hii halitaki hewa nyingi, linataka hewa kidogo, ileile, saa baada ya saa.

Kwa hiyo mtu anayesema anataka tanuri la moshi hajasema kitu bado. La samaki wa kuuza na la kidari cha sikukuu ni vyombo viwili, na jibu la kununua au kujenga hugeuka kulingana na kipi kati yao anachokitaka.

Tuanze dukani, kwa kuwa ndiko macho yanakoanza. Matanuri yanayouzwa ni ya makundi machache. Yapo ya duara na ya wima yanayotumia mkaa, yenye sinia la maji kati ya moto na nyama. Yapo yenye sanduku la moto ubavuni, yanayofanana na behewa dogo la treni. Yapo makabati ya umeme au gesi. Na yapo yale yanayokula vijiti vidogo vya mbao iliyoshindiliwa, yenye parafujo ya kulisha moto, feni, na kidude cha kusoma joto. Hayo yalibuniwa na Joe Traeger huko Oregon, Marekani, katikati ya miaka ya 1980, na kwao ndiyo yanayopendwa na mtu asiyetaka kukesha. Unaweka nyama, unabonyeza, unalala.

Sasa lilete tanuri hilo Tabata, Dar es Salaam, au Umoja, Nairobi. Umeme ukikatika saa saba ya usiku, feni inasimama na moto unakufa, nyama ikiwa nyuzi 50, joto ambalo bakteria wanalipenda kuliko wewe unavyoipenda nyama. Vile vijiti navyo havipatikani kwa mangi wa mtaani, vinaagizwa mbali kama tanuri lenyewe. Gharama ya chombo cha namna hii haikomei siku ya kukinunua, inakufuata kila unapokiwasha. Ndiyo maana nadhani kwetu hili ndilo chaguo baya kuliko yote, ingawa katika picha ndilo zuri kuliko yote.

Ya mkaa ni habari nyingine. Hayahitaji umeme wala chakula maalumu. Kikwazo ni kuyafikisha. Ushuru wa pamoja wa forodha wa Afrika Mashariki una ngazi za asilimia 0, 10, 25 na 35, hiyo ya 35 ikiwa imeongezwa mwaka 2022, na bidhaa nyingi zilizokwisha kutengenezwa huangukia kwenye ngazi za juu. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania na Uganda. Chuma ni kizito na usafiri hutozwa kwa uzito au nafasi, na tanuri lina vyote viwili. Mtu akikuonyesha bei ya mtandaoni, jua hiyo ni bei ya mwenye kuishi jirani na ghala.

Kuna pia suala la bati. Yale ya bei nafuu yenye sanduku la moto ubavuni hutengenezwa kwa bati jembamba, mara nyingi milimita moja na ushei. Bati jembamba halishiki joto: upepo ukivuma linapoa, jua likitoka linapanda, nawe unakuwa mtumwa wa koki. Ukiishi karibu na bahari, chumvi ya hewani huanza na bawaba, kisha vibati vya pembeni, kisha kitako. Misimu miwili ya masika inatosha kuonyesha rangi ilikuwa ya aina gani.

Lakini ningekuwa mnafiki nikisema dukani hakuna kitu. Anayeishi ghorofani na ana kibaraza tu, kabati dogo la umeme ndilo litakalomwacha apatane na majirani. Mwenye bucha anayetaka kuuza soseji na nyama ya moshi yenye alama ya TBS au KEBS anahitaji kabati la chuma kisichoshika kutu, linalosafishika, lenye kumbukumbu ya joto. Pipa la fundi halitampitisha kwa mkaguzi. Na kila mtu, hata anayejenga kwa udongo, anunue kipimajoto cha kidijitali chenye sindano mbili, moja ya nyama na moja ya kuning'inia kandokando ya nyama. Kile cha duara kinachobandikwa kwenye mfuniko husoma joto la pale mfunikoni, na nyama haikai kule. Ningeambiwa nichague kati ya tanuri zuri lisilo na kipimajoto na pipa bovu lenye kipimajoto, ningechukua pipa.

Tena tukumbuke kwamba kilicho dukani kilianza uani kwa mtu. Mwaka 1952 George Stephen alikuwa akifanya kazi katika karakana ya chuma ya ndugu Weber, Chicago, waliokuwa wakitengeneza maboya ya majini. Jiko lake la wazi lilimchosha kwa upepo na majivu. Akachukua boya la duara, akalikata nusu mbili, moja ikawa chungu na nyingine mfuniko, akaweka matundu ya hewa. Kilichokuja kuwa jiko linalojulikana dunia nzima ni mabaki ya kazi ya fundi aliyeuliza moto utavuta pumzi wapi.

Upande wa pili kuna tofali, na hapa nianze na kosa langu. Tanuri langu la kwanza nililijenga mwenyewe Kigamboni kwa mawe ya matumbawe yaliyobaki kwenye ujenzi wa ukuta, nikayaunga kwa saruji. Lilikuwa zuri kutazama. Moto wa kwanza lilitoa mvuke, wa pili likalia kama mahindi kikaangoni, wa tatu likafunguka ufa wa kuingiza vidole. Fundi mwashi mzee aliyepita akacheka. "Mwanangu," akaniambia, "hilo si jiko, hilo ni tanuu la chokaa." Alikuwa sahihi kabisa. Mababu zetu wa pwani walipata chokaa ya kujengea misikiti na majumba kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo. Jiwe la matumbawe limejaa vitundu vyenye maji, maji yakipata moto yanatafuta njia. Na moto ukizidi, jiwe lenyewe linageuka unga. Saruji nayo haipendi joto la moto wa karibu, inapasuka na kumomonyoka.

Tofali la udongo la kuchomwa ndilo mwenza wa moto, kwa kuwa limeshazaliwa humo. Uungaji wake usiwe saruji bali udongo, na wanaojua watakutuma kwenye kichuguu: udongo wa mchwa ni laini, una mnato, ukichanganywa na mchanga au majivu haupasuki ovyo. Tanuri la namna hii halina uzuri wa dukani, ila likishapata joto halilipotezi. Upepo hauligusi. Wakati huohuo, linachukua muda mrefu na kuni nyingi kupasha joto kuta zake kabla hata hujaweka nyama. Kwa kidari kimoja kila baada ya miezi mitatu ni hasara. Kwa anayewasha kila siku ni faida tupu, na anayewasha kila siku kwetu ni mbanika samaki.

Hapa ndipo ujenzi unapopata hoja yake kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, katika kijiji cha wavuvi cha Chorkor karibu na Accra, Ghana, Taasisi ya Utafiti wa Chakula ya nchi hiyo ikishirikiana na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) iliketi na wanawake wabanikaji na kurekebisha majiko yao. Walichotoka nacho ni kisanduku cha udongo au tofali chenye milango miwili ya moto, na juu yake masinia ya fremu za mbao yenye wavu yanayopangwa moja juu ya jingine. Akili yake iko pale: masinia yenyewe ndiyo dohani. Kila sinia unaloongeza linarefusha bomba na kuvuta moshi juu, na samaki wa juu anakauka kwa joto ambalo chanja la wazi lingeliachia mawinguni. Masinia hubadilishwa nafasi, la chini likaja juu. Hakuna kiwanda kinachotakiwa. Mwashi, seremala na wavu vinatosha. Tanuri hilo lilienea nchi nyingi za Afrika.

Kasoro yake ilijulikana baadaye, na haiko kwenye uimara. Mafuta ya samaki yanapodondokea makaa, huungua vibaya na kurudi juu kama moshi wenye kemikali za jamii ya benzopireni, ambazo huleta saratani. Umoja wa Ulaya ulikuwa ukiruhusu mikrogramu 5 za benzopireni kwa kilo ya samaki au nyama ya moshi, na kuanzia Septemba 2014 ukashusha hadi 2. Samaki wengi wa matanuri ya wazi hawapiti hapo. FAO pamoja na chuo cha mafunzo ya uvuvi cha Senegal walikuja na muundo wa Thiaroye, mji ulio karibu na Dakar: moto wa makaa yaliyokwisha kuiva chini, sinia la kukinga mafuta kati ya makaa na samaki, na moshi wa ladha ukitengenezwa pembeni na kupitishwa mwishoni. Kilichonifurahisha ni kwamba anayemiliki Chorkor halibomoi. Anaongeza sehemu hizo juu ya lile alilonalo. Hilo huwezi kulifanya kwa kabati la dukani.

Na somo hilo la mafuta ni la uani pia. Mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliziweka nyama zilizosindikwa, za moshi zikiwemo, katika kundi la vitu vyenye ushahidi wa kutosha kwamba huleta saratani. Sisemi mtu asile. Nasema bamba la kukinga mafuta halina bei ya kumfanya mtu alikose, na kwamba nyama ya moshi haikuwahi kuwa mboga ya kila siku hata kwa walioibuni.

Basi tumebaki na pipa, na hapa maneno "kununua" na "kujenga" yote mawili yanashindwa. Kwetu kuna njia ya tatu ambayo lugha yenyewe inaijua: kuchongesha. Hununui kilichokwisha, wala hushiki nyundo; unakwenda kwa fundi na vipimo. Kwa familia nyingi nadhani hili ndilo jibu, kwa sharti moja zito. Fundi anajua chuma, hajui moshi. Yeye anauza uchomeleaji. Usipofika na vipimo utapata jiko la nyama choma lenye mfuniko.

Kwanza pipa lenyewe. La lita 200 lina kipenyo cha ndani cha sentimita 57 hivi na urefu wa karibu sentimita 88, na bahati njema ni kwamba mfuniko na wavu wa majiko ya duara ya dukani ya sentimita 57 huingia juu yake kana kwamba waliongea. Chombo hiki, kwa taarifa ya wapenda historia, kilipewa hataza Marekani mwaka 1905 kwa jina la Henry Wehrhahn, aliyefanya kazi katika kampuni ya Nellie Bly, yule mwandishi wa habari aliyeizunguka dunia kwa siku 72. Sijui kama yeyote kati yao aliwahi kuona nyama ikitoka ndani yake.

Uliza pipa lilibeba nini. La juisi nzito, nyanya ya kusaga au mafuta ya kula linafaa. La dawa ya kuulia wadudu au kemikali ya kiwandani liache palepale, hata likitolewa bure. Moto hauoshi kila kitu. Mengi ya chakula yana utando wa rangi ndani, na huo lazima uchomwe kwa moto mkali wa kuni mpaka chuma kibaki kitupu. Jambo jingine halina mzaha. Pipa lililobeba petroli, spiriti au tina likikatwa kwa moto hulipuka, kwa sababu mvuke wake hubaki hata likionekana kavu. Fundi mzoefu hulijaza maji kabla ya kulikata. Ukiona halijazwi maji, ondoka na uondoke mbali.

Vipimo vilivyofanya kazi kwa wengi si vigumu. Kikapu cha mkaa chenye kipenyo cha sentimita 40, kikae juu ya vijiguu ili majivu yaanguke na yasiuzibe moto. Wavu wa nyama uwe sentimita 60 juu ya kitako cha kikapu. Chini, pande zote, matundu manne ya bomba la robo tatu, matatu yenye plagi na moja lenye koki. Juu, bomba la inchi mbili la kutolea moshi, nalo lisizibwe hata siku moja: ukitaka kupunguza moto banie chini, usibanie juu, maana moshi ukizuiwa kutoka unatulia juu ya nyama na kuacha utandu mweusi mchungu. Kati ya makaa na nyama, lile bamba la mafuta. Ndani usipake chochote zaidi ya mafuta ya kula, halafu uwashe moto wa saa 2 au 3 bila nyama. Mabati yenye zinki yasitumike kwenye kikapu. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, na makaa yanapita hapo bila shida. Tanuri la namna hii, mfuniko ukikaa vizuri, kilo 4 au 5 za mkaa mzito huliendesha saa 8 au 10 bila kuongezwa.

Wapo watakaotaka lile lenye sanduku ubavuni, la chuma kinene kama yale ya Texas. Linawezekana, ila piga hesabu ya chuma kabla ya kumkubalia fundi. Bamba la milimita 3 lina uzito wa kilo 23.5 kwa mita ya mraba, la milimita 6 lina kilo 47. Shiti moja la futi 4 kwa 8 la milimita 6 lina uzito wa kilo 140. Utahitaji zaidi ya moja, na watu wanne wa kulibeba, na bei ya chuma siku hiyo. Pipa jepesi lina kilo zisizofika 20 na mtoto wa kidato cha pili analisogeza.

Kwamba mafundi wetu wanaweza kazi ya vipimo si jambo la kubishania. Jiko la bati lenye kikombe cha udongo ndani, lililoenea Kenya tangu mapema miaka ya 1980 na kuvuka mipaka, liliazima umbo kutoka jiko la ndoo la Thailand, na waliolieneza ni hao hao wa jua kali. Lakini lilifanikiwa pale wafinyanzi na wahunzi walipofanya kazi kwa kiolezo. Panapokuwa na kukisia, kikombe hupasuka. Kwa hiyo chora. Chora kwenye karatasi, andika sentimita, mkubaliane kwa kila kipande, lipa nusu, na siku ya kulichukua nenda na gazeti: liwashe ndani, funga kila kitu, utazame moshi unatokea wapi. Unapotokea kwenye mfuniko au kwenye mshono, kazi haijaisha.

Kuni nitazipitia haraka kwa kuwa kila eneo lina zake. Mkorosho, mpera na mgunga, zikiwa kavu, hufanya kazi njema. Msonobari una utomvu unaoacha ladha ya tapentaini. Mnyaa wa ua usiuguse, maziwa yake yanajulikana kwa kuumiza macho. Mikoko ina moto mzuri, ndiyo, na misitu yake ni hifadhi. Hakuna kidari kinachostahili mwambao uliobaki mtupu. Mbao za samani zenye rangi au dawa ya mchwa ziende jalalani. Na moshi mzuri hauonekani sana: ukiwa mwembamba wenye rangi ya buluu, moto uko sawa, ukiwa mzito mweupe kama wa kuchoma takataka, subiri kabla ya kuweka nyama.

Kinachobaki ni hesabu, na watu huifanya kinyume. Huuliza tanuri ni shilingi ngapi, badala ya kugawa bei hiyo kwa siku watakazowasha. Tuseme utafukiza nyama mara nne kwa mwaka, Krismasi, Idi, harusi moja na siku moja ya hamu. Tanuri la dukani lililokugharimu mara kumi ya pipa litahitaji miaka mingi sana ili kila mlo ubebe gharama inayolingana na ya pipa, na kwenye hewa ya pwani huenda miaka hiyo lisiione. Ukiwasha kila wiki, tofauti inapungua, na uimara wa chuma kinene unaanza kujilipa. Ukiwasha kila siku, huna uani tena, una biashara, na tofali ndilo litakalokulisha. Nyama yenyewe, mkaa wake na siku nzima ya mtu mmoja aliyekaa pembeni akitazama koki: hizo gharama hazina duka wala fundi wa kuzipunguza.

Tanuri langu la pipa nimekaa nalo mwaka wa nne sasa. Nimebadilisha kikapu mara moja na mfuniko umeshika kutu kidogo kwenye ukingo. Juzi nilipita kwa fundi aliyelichonga, yule wa swali la pumzi. Kando ya majiko yake ya nyama choma alikuwa ameegesha pipa lililosimama wima, koki mbili badala ya moja, kila moja upande wake. Nikamuuliza ni la nani.

"Halina mtu bado, bosi. Nimeliweka hapa mtu akipita aulize."

"Na koki ya pili?"

"Upepo wa kusi," akasema. "Ile moja yako ilikuwa inatazama baharini."